Haiku kwa Kiswahili: Hesabu, Msimu au Mkato?

Mashairi ya mistari mitatu yanayoitwa haiku yanazidi kuonekana katika Kiswahili, hasa mitandaoni na miongoni mwa vijana. Utata nao umekuja pamoja nayo. Wapo wanaoshikilia kwamba haiku ni mizani kumi na saba, na kwamba aliyepungukiwa na mmoja ametunga guni. Wapo wanaosema hesabu haina uzito, bali hisia ya papo hapo. Wengine wanadai pasipo kutaja msimu hakuna haiku. Na wapenzi wengi wa utenzi na shairi wanauliza kwa nini tuhangaike na bahari ya Wajapani ilhali zetu hazijatuishia.

Kila kundi lina hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba hoja hizo zimechotwa mahali mbalimbali, nyingi kupitia Kiingereza, na kuletwa katika Kiswahili bila kuuliza kama sababu zake zinatuhusu. Makala haya yanaeleza haiku ilikotoka, yanapima misimamo hiyo minne mmoja mmoja, kisha yanaonyesha ni upi unaofaa kushikwa na mtunzi wa Kiswahili, na kwa kiasi gani.

Chimbuko: kutoka mnyororo hadi ubeti mmoja

Haiku si bahari kongwe. Iliyo kongwe ni tanka, shairi la vipande vitano vyenye vipigo vya sauti 5, 7, 5, 7 na 7, jumla 31. Diwani ya Man'yōshū ya karne ya 8 ina mashairi zaidi ya 4,500, na sehemu kubwa ni tanka. Mnamo mwaka 905 mfalme wa Japani aliagiza diwani ya Kokinshū, na tanka ikawa lugha ya ikulu: watu waliitumia kutongozana, kuombolezana na kujibizana.

Kutoka hapo ulizaliwa utunzi wa pamoja. Mmoja alitoa 5-7-5, mwenzake akajibu kwa 7-7, wa tatu akaendeleza, hadi beti mia au zaidi. Huo ndio renga. Aina yake ya mzaha na lugha ya mitaani iliitwa haikai, na ubeti wa kufungulia mnyororo, hokku, ulikuwa na masharti mawili: utaje msimu wa mkutano huo, na uweze kusimama wenyewe. Matsuo Bashō (1644–1694) aliuinua ubeti huo kutoka mzaha wa kupitisha wakati hadi sanaa ya kina. Safari yake ya mwaka 1689 kuelekea kaskazini mwa Japani, iliyochapishwa mwaka 1702 kwa jina Oku no Hosomichi, ilichanganya nathari na beti fupi katika mtindo unaoitwa haibun. Waliomfuata kwa umaarufu ni Yosa Buson (1716–1784), aliyekuwa pia mchoraji, na Kobayashi Issa (1763–1828).

Aliyeukata ubeti huo kabisa kutoka katika mnyororo na kuupa jina la haiku ni Masaoka Shiki (1867–1902), katika miaka ya 1890. Shiki aliishi wakati Japani ilipofunguliwa kwa Magharibi, na baadhi ya wasomi wakaziona bahari za zamani kuwa zimechakaa. Dawa yake ilikuwa kuchora kitu kama kilivyo mbele ya macho, fikra aliyoichota katika uchoraji wa Ulaya. Alikufa kijana kwa kifua kikuu kilichomshika uti wa mgongo, huku akiendelea kutunga kitandani.

Historia hii inaondoa dhana tatu zilizoenea. Kwanza, mistari mitatu tuliyoizoea ni mpangilio wa wafasiri. Wajapani kwa kawaida huandika haiku kwa mstari mmoja wa wima. Pili, haiku haikuzaliwa katika utulivu wa mtawa peke yake. Ilizaliwa barazani, katika kundi la watunzi wanaoshindana na kucheka. Tatu, haiku jinsi tunavyoijua leo ina umri wa karne moja na kidogo, na imebishaniwa tangu siku yake ya kwanza.

Msimamo wa kwanza: hesabu ndiyo haiku

Nguvu ya msimamo huu iko wazi. Kipimo ni kitu cha kushikika. Mwalimu anaweza kukifundisha kwa saa moja, na mwanafunzi anaweza kujisahihisha mwenyewe. Kipimo pia humlazimisha mtunzi kulitafuta neno jingine pale neno la kwanza linapokataa kuingia, na mara nyingi neno hilo la pili ndilo bora. Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, alipougua akiwa Ufaransa mwishoni mwa maisha yake, alitunga haiku zipatazo 4,000 kwa Kiingereza akifuata 5-7-5. 817 kati yake zilichapishwa mwaka 1998. Kipimo hakikumnyima uhai wa lugha.

Kwa Mswahili hoja hii ina mvuto wa ziada. K. Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, aliweka vina na mizani kuwa msingi wa utunzi, na vizazi kadhaa vimelelewa hivyo. Aliyezoea mizani minane ya utenzi au kumi na sita ya mshororo wa shairi haoni ugeni wowote katika tano, saba na tano.

Udhaifu wake ni kwamba hesabu peke yake haitoshi. Tazama maneno haya, yaliyotungwa hapa kwa mfano:

Elimu bora
hutuletea nuru
kila mahali

Mizani imetimia. Lakini hii ni sentensi moja ya nasaha iliyokatwa vipande vitatu. Ukiiandika kwa mstari mmoja haipotezi kitu. Zaidi ya hayo, Bashō mwenyewe hakuwa mtumwa wa hesabu. Ubeti wake mashuhuri wa mwaka 1680 kuhusu kunguru aliyetua juu ya tawi kavu unapita saba katika kipande cha kati. Wajapani wana hata istilahi ya ubeti uliozidi vipigo, na hawautupi kwa sababu hiyo. Kipimo kwao ni kanuni ambayo mtunzi anaweza kuivuka akiwa na sababu.

Msimamo wa pili: mkato na picha, hesabu iachwe

Msimamo huu ulipata nguvu kubwa katika Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Juzuu nne za R. H. Blyth, zilizotoka kati ya 1949 na 1952, na kitabu cha Harold Henderson cha mwaka 1958, viliwafikishia haiku wasomaji wengi wa Marekani, akiwemo Jack Kerouac, aliyesema wazi kwamba hesabu ya Kijapani haiwezi kuhamishwa. Leo watunzi wengi wa Kiingereza hutumia silabi kumi hadi kumi na nne hivi, au pungufu.

Sababu yao ni ya kiisimu, na ndiyo kiini cha jambo hili. Wajapani hawahesabu silabi kama Mwingereza anavyozihesabu. Wanahesabu vipigo vya sauti. Irabu ndefu ni vipigo viwili, na "n" inayofunga silabi ni kipigo kamili. Jina la Tokyo lina vipigo vinne: to-o-kyo-o. Neno haiku lenyewe lina vitatu, ilhali Mwingereza hulitamka kwa silabi mbili. Kwa hiyo vipigo kumi na saba vya Kijapani hubeba maneno machache sana, huku silabi kumi na saba za Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja, zikibeba karibu maradufu ya hayo. Haiku ya Kiingereza yenye 5-7-5 huelekea kunenepa. Walioacha hesabu waliiacha ili wabaki na wepesi.

Je, sababu hiyo inatuhusu? Hapana. Kiswahili huhesabu karibu sawa na Kijapani: "kaa" ni mizani miwili, "mtu" ni miwili kwa kuwa "m" inasimama peke yake, na "haiku" ni mitatu. Tena maneno yetu ni marefu. "Hatutakwenda" linaujaza mstari wa kwanza peke yake. "Atakapowasili" linaujaza wa kati. Mizani kumi na saba ya Kiswahili mara nyingi haifikishi maneno manane. Kwetu kunenepa si hatari kubwa. Hatari ni kukosa nafasi. Anayemwambia kijana wa Kiswahili aache hesabu kwa sababu "kumi na saba ni nyingi mno" amemkabidhi jibu la swali la lugha nyingine.

Hata hivyo msimamo huu unatukumbusha jambo ambalo wa kwanza unalisahau: mkato. Katika Kijapani kuna maneno maalumu, kama ya, kana na keri, yanayosimamisha mkondo wa ubeti. Yakikaa katikati, huugawa ubeti katika pande mbili ambazo hazikuunganishwa kwa "kwa sababu" wala "kama". Msomaji ndiye anayejenga daraja. Linganisha mfano uliotangulia na huu:

Vuli yaanza —
mwanafunzi avua
viatu vyake

Upande mmoja ni mvua. Upande wa pili ni kitendo kidogo cha mtoto. Anavua kwa furaha ya matope, au anavilinda kwa kuwa ndivyo pekee alivyo navyo? Ubeti hausemi. Pengo hilo ndilo sanaa yenyewe, na hesabu peke yake haiwezi kulileta.

Udhaifu wa msimamo wa pili ni kukosa mpaka. Pasipo kipimo, kila kauli fupi yenye huzuni kidogo hudai kuwa haiku. Japani yenyewe iliupitia mtihani huu. Kawahigashi Hekigotō na baadaye Ogiwara Seisensui waliacha 5-7-5. Mwanafunzi wa Seisensui, Taneda Santōka (1882–1940), mtawa aliyetembea nchi nzima akiomba, aliacha beti huru zinazopendwa hadi leo. Lakini Santōka ni mmoja, na wengi waliojaribu njia hiyo wamesahaulika. Uhuru humfaa aliyekwisha kujijengea nidhamu nyingine ya ndani.

Msimamo wa tatu: bila msimu hakuna haiku

Mtetezi mkubwa wa msimamo huu ni Takahama Kyoshi (1874–1959), mwanafunzi wa Shiki aliyeliongoza jarida la Hototogisu, lililoanzishwa mwaka 1897. Kwake, 5-7-5 na neno la msimu vilikuwa nguzo zisizong'olewa. Nguvu ya neno la msimu ni kwamba linafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Likitajwa ua la mcheri, msomaji wa Kijapani haoni ua tu. Anakumbuka karne nyingi za mashairi yaliyolitaja. Kwa ubeti mfupi kiasi hiki, kumbukumbu hiyo ya pamoja ni mtaji. Zipo kamusi maalumu za maneno ya misimu, na watunzi huzibeba mikutanoni.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Mosi, misimu hiyo ina mahali pake. Ilipangwa kwa hali ya hewa ya maeneo ya Kyoto na kwa kalenda ya mwezi. Japani ilipohamia kalenda ya Magharibi mwaka 1873, tarehe na misimu vikapishana, na mtu wa Okinawa au Hokkaido hulazimika kusifu machipuko ambayo kwake yamekwisha pita au hayajafika. Pili, sharti hili linaweza kumfunga mdomo mtunzi. Katika miaka ya 1930 vijana wa haiku mpya walitaka kuandika kuhusu viwanda na vita, mambo yasiyo na msimu. Mwaka 1940 polisi wa kisiasa waliwakamata watunzi wa jarida la haiku lenye mizizi katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Mabishano juu ya neno la msimu yalikuwa pia mabishano juu ya kipi kinaruhusiwa kusemwa.

Brazil inatoa somo la vitendo. Wajapani walianza kuhamia huko mwaka 1908, wakakuta Desemba ni joto kali na mimea wasiyoijua. Baada ya miongo ya kutunga, waliunda orodha yao: mwaka 1996 Masuda Goga na Teruko Oda walichapisha mkusanyo wa maneno ya misimu ya Brazil. Hawakuiacha kanuni, wala hawakuinakili.

Sisi tuna malighafi tele. Pwani ina kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani. Ina Mwaka Kogwa wa Makunduchi, msimu wa maembe na wa kuchuma karafuu. Lakini tahadhari ya Okinawa inatuhusu: msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura hatikiswi na kusi la baharini, yeye anajua kiangazi na kurudi kwa mvua. Kiswahili ni lugha ya nchi nyingi, kwa hiyo hakitakuwa na orodha moja ya misimu. Kila eneo litahitaji yake, na kumbukumbu ya pamoja itachukua muda kujengeka.

Msimamo wa nne: kwani tuna haja nayo?

Swali hili lisipuuzwe. Tuna methali, vitendawili, misemo ya kanga. Tuna tathlitha kwa mistari mitatu na takhmisa kwa mitano. Ufupi na fumbo si vitu vya kuazima. Tena tumewahi kupigana vita vinavyofanana: Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila vina na mizani, wanamapokeo waliuliza kama hayo ni mashairi, na mjadala huo uligawanya wasomi kwa miaka mingi. Kuongeza bahari ya kigeni kunaweza kuonekana kama kuchochea moto uliopoa.

Lakini ukitazama kwa karibu, haiku haifanyi kazi ya methali wala ya kitendawili. Methali hutoa hukumu: msikilizaji anaondoka na funzo. Kitendawili hutoa picha, kisha kinadai jibu, na jibu likipatikana picha imekwisha kazi. Haiku hutoa picha bila hukumu na bila jibu. Ushairi wetu wa mapokeo una utajiri mkubwa wa nasaha, dini, siasa na mapenzi, na kwa kawaida mshairi huwa na neno la kumwambia hadhira. Bahari inayomtaka mshairi anyamaze na kuonyesha tu inajaza nafasi ambayo haikuwa na mwenyewe.

Gharama ipo. Anayeshika haiku anaacha vina, na vina ndiyo raha ya sikio la Mswahili. Shairi letu huimbwa. Mshairi Guilherme de Almeida wa Brazil (1890–1969) alijaribu kulitatua hilo kwa Kireno: aliongeza vina na kichwa. Beti zake zinapendeza, lakini kina huufunga ubeti pale mkato unapotaka kuuacha wazi. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kuchagua hivyo, ajue tu anachokipata na anachokipoteza.

Tatizo la msomaji

Utata mwingi tunaoujadili ni wa watunzi, lakini nusu ya haiku iko kwa msomaji. Mwaka 1946 msomi Kuwabara Takeo alichanganya haiku za mabingwa na za watu wasiojulikana, akaondoa majina, na kuwauliza wasomaji wazitofautishe. Walishindwa, naye akaiita haiku sanaa ya daraja la pili. Shambulio hilo liliwauma Wajapani, na lina ukweli: shairi la mizani kumi na saba ni vigumu kulihukumu likiwa peke yake.

Jibu la jadi ni kukai, mkutano ambamo watunzi huwasilisha beti zao bila majina, zikanakiliwa upya ili hata mwandiko usimtambulishe mtu, kisha wote wakachagua na kueleza sababu. Hapo kutojulikana kwa jina ni kinga, na uchaguzi hufuatwa na hoja. Kiswahili kina utamaduni wa jirani: tangu mshairi Muyaka wa Mombasa hadi kurasa za mashairi za magazeti, malenga wamejibizana na kukosoana hadharani. Kinachotukosesha haiku nzuri ni uhaba wa wasomaji wa aina hiyo zaidi ya uhaba wa watunzi. Ubeti unaosifiwa kwa kupendwa tu haufundishi mtu.

Msomaji ajiulize mambo matatu: mkato uko wapi; je, pande mbili za mkato zinasaidiana bila kuelezana; na je, ukiondoa neno moja, kitu kinaanguka? Akiwa na maswali hayo atatambua pia bahari ndugu. Ubeti wa 5-7-5 unaowasema watu na vituko vyao bila msimu ni senryū, uliopewa jina la Karai Senryū (1718–1790), na una heshima yake. Mwenye hisia inayodai kusemwa waziwazi atafute tanka; Yosano Akiko kwa diwani yake ya mapenzi ya mwaka 1901, na Tawara Machi kwa kitabu cha mwaka 1987 kilichouzwa kwa mamilioni, walionyesha kwamba bahari ya miaka 1,300 inaweza kubeba sauti ya mwanamke wa sasa. Nyingi ya haiku zetu dhaifu ni tanka au senryū zilizopewa jina lisilo lao.

Kuweka kwenye mizani

Tukiipima misimamo yote, mpangilio unajitokeza. Mkato hauwezi kuachwa, kwa kuwa ukiondoka kinachobaki ni sentensi fupi. Hesabu ya 5-7-5 inafaa kuwa kanuni ya kawaida katika Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu inaibeba bila kunenepa na sikio letu limezoea mizani. Mtunzi mzoefu anaweza kuivuka kwa sababu inayoonekana ndani ya ubeti. Msimu uhimizwe pasipo kulazimishwa, na uwe msimu wa mahali mtunzi anapoishi. Aandikaye theluji hali hajaiona amenakili kamusi ya mtu mwingine.

Hitimisho

Misimamo minne imetokana na sababu nne tofauti: hesabu imetokana na haja ya nidhamu, uhuru umetokana na tabia ya Kiingereza, msimu umetokana na kumbukumbu ya jamii moja, na pingamizi la wanamapokeo limetokana na kujali urithi wetu. Hakuna unaotosha peke yake, na wa pili ndio ulioletwa kwetu bila kupimwa. Walimu waanze na mkato kabla ya kuhesabu. Waandaaji wa mashindano watangaze vigezo vyao na kutenganisha haiku, senryū na tanka. Watunzi wa kila eneo wakusanye maneno ya misimu yao. Wapenzi wa shairi na utenzi nao hawana cha kuhofia: bahari hii haichukui kazi ya nyingine, na aliyelelewa katika mizani ana nafasi nzuri ya kuitunga vizuri kuliko wengi walioipokea kabla yetu.